Yaya, tuuze lupango nikasome ng'ambo?

Yaya wa Masomo,

Salamu kutoka Katuba. Nina miaka 21, niko L2 (mwaka wa pili wa lisansi, digrii ya kwanza) metaluji pale Polytech, kitivo cha uhandisi cha UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Mwaka jana nilipita na 66%, na semesta ya kwanza ya mwaka huu nimepata 13.4 kwa 20. Promosheni yetu ina watu 87, na mimi ni wa nne.

Miezi miwili iliyopita baba alikutana na mtu wa ajansi moja hapa mjini inayopeleka wanafunzi Chypre (Kupro). Tulimpa diploma yangu ya serikali (ya kumaliza sekondari) na picha ya pasipoti. Baada ya siku 9 barua ya kukubaliwa ikafika kwa WhatsApp: nimekubaliwa kwa "ufadhili wa 50%", minervali (ada ya masomo) inayobaki ni dola 2,600 kwa mwaka. Ajansi inataka dola 800 zake kabla ya kushughulikia viza. Wanasema nitaingia moja kwa moja mwaka wa tatu, kazi za wanafunzi ni nyingi, na kutoka pale kuingia Ulaya ni rahisi. Rafiki yangu aliye huko anasema anatumia kama dola 350 kwa mwezi, nyumba na chakula.

Baba anataka tuuze lupango (kiwanja) yetu ya Kasungami. Kuna mtu anatoa dola 9,000. Mjomba wa Kolwezi ameahidi 150 kila mwezi. Mama hataki hata kusikia; anasema lupango ni ya watoto wote wanne, na mdogo wangu anafanya Exetat (mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari) mwaka ujao. Baba anajibu kwamba mtoto wa jirani yuko India, sisi tunangoja nini.

Mimi nimegawanyika. Maabara yetu unaijua: mashine moja, wanafunzi themanini. Wengine wananiambia nimalize hapa kwanza. Wengine wanasema nikimaliza hapa umri utakuwa umenipita kwa mambo ya ufadhili. Ajansi imetupa hadi mwisho wa mwezi. Mtu anaamuaje jambo kama hili?

Fundi wa Shaba, Katuba


Mdogo wangu,

Kabla ya kugusa habari ya lupango, ichapishe ile barua ya WhatsApp kwenye karatasi, uketi nayo mezani na kalamu. Watu wengi husoma mstari wa juu tu, ule wenye jina lao na pongezi. Mambo yenyewe yako chini.

Tafuta kwanza jina la programu. Metaluji haifundishwi kila mahali. Vyuo vingi vya binafsi vinavyotafuta wanafunzi kutoka Afrika vina biashara, kompyuta, ujenzi, umekanika na famasia, kwa kuwa masomo hayo hayadai tanuru wala maabara ya madini. Kama barua yako inasema "Mechanical Engineering", umekwisha kubadilishiwa masomo bila kuulizwa.

Halafu tafuta mwaka wa kuingia. Ajansi inasema mwaka wa tatu, lakini hilo ni la chuo kuamua, na chuo hakiwezi kuamua kabla ya kuona releve (orodha za pointi) zako za L1 na L2 pamoja na maelezo ya kila kozi: kredi ngapi, saa ngapi, kilifundishwa nini. Wewe ulitoa diploma ya serikali na pasipoti peke yake. Basi hakuna aliyekulinganishia hata kredi moja, na barua hiyo, ukiisoma vizuri, karibu bila shaka inakupeleka mwaka wa kwanza. Angalia pia kama kuna mstari unaotaja shule ya matayarisho ya lugha. Hukutaja mtihani wowote wa Kiingereza, kwa hiyo mstari huo ukiwapo, mwaka wako wa kwanza utakuwa wa Kiingereza kitupu, nao unalipiwa.

Neno "conditional" likiwa popote kwenye karatasi, maana yake hujakubaliwa bado; kuna karatasi wanazongoja. Na penye kiasi cha kutanguliza, tafuta "non-refundable". Hapo viza ikikataliwa, pesa hairudi.

Kwenye "ufadhili wa 50%" piga duara. Ufadhili ni pesa ambayo mtu mwingine anakulipia. Hii ni bei iliyopandishwa ili ipate kushushwa, kama muuza vitenge wa soko la Kenya, hapa Lubumbashi, anayekutajia elfu 40 akijua fika atauza elfu 20. Namna ya kuhakikisha ni kumuuliza rafiki yako aliye kule: wanafunzi wenzake wa kigeni, ni wangapi wanaolipa bei nzima? Akikosa hata mmoja, basi 2,600 ndiyo bei yenyewe na hakuna aliyekufadhili. Ujue pia kwamba vyuo vya namna hiyo mara nyingi huwalipa maajansi kwa kila mwanafunzi wanayemleta. Zile dola 800 ni malipo ya pili juu ya ya kwanza.

Na hiyo Chypre ziko mbili. Ya kusini ni Jamhuri ya Kupro, mwanachama wa Umoja wa Ulaya tangu 2004. Ya kaskazini ilijitangaza nchi mwaka 1983, na inayoitambua ni Uturuki peke yake. Ndege za kwenda huko hupitia Uturuki. Vyuo vinavyotangazwa zaidi katika miji yetu viko kaskazini. Si haki kuvitia vyote kapu moja, vipo vinavyofundisha vizuri. Lakini kibali cha huko si kibali cha Ulaya, na kuvuka mstari kwenda kusini bila ruhusa ni kosa la uhamiaji. Ubalozi wa Kongo hauko huko. Anayekwambia ni mlango wa Ulaya anakuuzia njia ya magendo kwa bei ya minervali.

Sasa pesa, kwa namba zako mwenyewe. Ajansi 800, minervali 2,600, maisha 350 mara 12 ni 4,200. Jumla 7,600. Weka lupango na mwaka mzima wa mjomba pamoja: 9,000 na 1,800 ni 10,800. Zinabaki 3,200 za tiketi ya ndege, tafsiri na mihuri ya karatasi, safari ya Kinshasa ikihitajika, bima ya afya, kibali cha ukaaji, na zile kodi za mwezi mmoja au miwili ambazo mwenye nyumba hutaka mbele. Ukibana sana utaufikia mwaka wa pili na kitu kidogo mfukoni. Lakini mwaka wa pili unadai 6,800, na anayebaki ni mjomba na 1,800 zake. Pengo ni dola 5,000. Ukiwa na mwaka wa lugha na miaka minne ya masomo, pengo hilo utakutana nalo mara nne: dola 20,000, na lupango ya pili ya kuuza hamna.

Huko mwaka wa pili ndiko wengi wanakovunjikia. Mwaka wa kwanza hulipwa na ukoo mzima, kila mtu anatoa mchango, kuna misa na picha uwanja wa ndege wa Luano. Mwaka wa pili simu hazipokelewi. Minervali ikikosekana, chuo hufunga usajili. Usajili ukifungwa, kibali cha ukaaji hakifanywi upya. Kibali kikiisha, kazi unayoweza kufanya ni ya kujificha, na mwajiri anayejua hilo atakulipa apendavyo. Wengi walioshindwa huko masomo hayakuwashinda. Walikosa minervali ya mwezi mmoja tu, mengine yakafuata yenyewe.

"Kazi za wanafunzi ni nyingi" ni maneno ya kupima kwa sheria ya kila nchi. Ufaransa inamruhusu mwanafunzi wa kigeni saa 964 kwa mwaka. Ubelgiji ni saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Hiyo inaweza kulipa chakula, hailipi kila kitu. Na konsula hahesabu mshahara ambao hujaupata; anataka kuona pesa iliyopo. Ufaransa inadai uthibitisho wa euro 615 kwa mwezi. Ujerumani inataka euro 11,904 za mwaka ziwekwe kwenye akaunti iliyofungwa, ambayo unaruhusiwa kutoa 992 kila mwezi. Kanada, nje ya Quebec, imepandisha kiasi hicho hadi dola zao 22,895 kwa mtu mmoja, mbali na minervali na tiketi. Ajansi ikikwambia "tutakutengenezea karatasi ya benki", simama mlangoni. Karatasi ya uongo ikigunduliwa, Uingereza inaweza kukufungia miaka 10 na Kanada miaka 5, na jina lililofungwa ni lako.

Unauliza mtu anaamuaje. Anza na ngazi. Ufadhili kamili, ule unaolipa minervali, malazi na maisha, ni haba kabisa kwenye lisansi. Kwenye masta unaanza kuonekana, na kwenye doktora mara nyingi unalipwa kama mfanyakazi. Kwa hiyo L3 ya UNILU, pamoja na mashine yake moja, ndiyo tiketi ya bei nafuu kuliko zote unazoweza kukata: kredi 180 zikikamilika, milango ambayo leo imefungwa kwako inafunguka.

Wanaokutisha kwa umri wamechanganya ngazi. Ufadhili wa serikali ya Uturuki kwa lisansi ni kwa walio chini ya miaka 21, huo umekwisha kukupita hata ukienda kesho. Wa masta ni chini ya 30. Wa serikali ya China ni chini ya 25 kwa lisansi, 35 kwa masta, 40 kwa doktora. Ukimaliza L3 na miaka 22 au 23, hata mwaka wa masomo ukiteleza kama kawaida yetu, bado una nafasi.

Kwa fani yako, angalia China kabla ya kwingine. Migodi mikubwa ya Kolwezi na Fungurume ina Wachina ndani yake, na mhandisi wa metaluji anayeweza kuzungumza nao bila mkalimani hakai bila kazi kwa muda mrefu. Central South University iliyo Changsha na University of Science and Technology Beijing ni vyuo vyenye jina kwenye metali. Ufadhili wa serikali yao kwa masta unatoa yuan 3,000 kwa mwezi, bweni na bima, na unaweza kuwa na mwaka mmoja wa kujifunza lugha. Fomu hufunguliwa karibu na mwanzo wa mwaka na nyingi hufungwa kati ya Februari na Aprili, kupitia ubalozi wao Kinshasa au kupitia chuo chenyewe. Kinachowakwamisha watu ni fomu ya uchunguzi wa afya: matokeo yake yana nguvu miezi 6 tu, kwa hiyo ukipimwa Agosti ukidhani unawahi, Machi itakuwa imekufa.

Ulaya kuna masta za pamoja za Erasmus Mundus. Mwenye ufadhili hupata euro 1,400 kwa mwezi na halipi minervali. Mbili ni za fani yako kabisa: EMerald, inayounganisha Liège, Nancy, Luleå na Freiberg, na PROMISE, iliyo na Oulu na Leoben ndani. Ufadhili wake haupo kila mwaka, kwa hiyo fungua tovuti zao kila Oktoba uone. Maombi mengi hufungwa Januari. Unaweza kuomba ukiwa bado L3 mradi diploma iwe imetoka kabla ya kuanza. Ushindani ni mkali, na masomo ni kwa Kiingereza.

Uturuki usiutegemee. Wanadai 75% kwa masta, na wewe una 66. Hapa tuseme jambo linalowaumiza wanafunzi wetu wengi: pointi za Kongo ni chungu. Kwetu 70% ni distinction, wachache wanaifikia kwenye Polytech. Mashine ya kusoma maombi kule nje haijui hilo. Inaona 66 na kufikiri ni mwanafunzi wa katikati. Dawa yake ni karatasi moja kutoka kwa sekretari akademiki wa fakulte, yenye muhuri, inayosema ulikuwa wa nne kati ya 87, na inayoeleza ngazi za satisfaction, distinction na grande distinction kwa asilimia zake. Iombe kila mwaka baada ya deliberasheni (kikao cha kupitisha matokeo), wakati orodha bado iko mezani. Ukingoja miaka mitatu, aparitora (ofisi ya kumbukumbu za wanafunzi) itakwambia daftari halionekani. Penye sharti la namba kama Uturuki karatasi hiyo haitakusaidia, lakini kamati ya watu ikiisoma, wa nne kati ya 87 ni mtu mwingine kabisa.

Na kama roho inataka kutoka sasa hivi, kabla ya L3, pa kutazama ni karibu zaidi. Copperbelt University ya Kitwe ina kitivo cha madini, inafundisha kwa Kiingereza, na mtu akitoka Lubumbashi asubuhi kupitia Kasumbalesa anaweza kulala Kitwe siku hiyo hiyo. Omba orodha ya minervali ya wanafunzi wa kigeni, si ya Wazambia, ndizo namba watu huchanganya. Uliza pia kwa maandishi wanakutambulia kredi ngapi za UNILU. Faida ya Kitwe ni kwamba pesa ikikatika unarudi kwa basi, wala huhitaji tiketi ya dola elfu.

Maabara. Malalamiko yako ni ya kweli, lakini yaandike kwa orodha: ni kipi hasa nisichoweza kukifanya hapa? Kwa L2 na L3 unahitaji kusaga, kuchekecha, kutitresha (kupima kemikali tone kwa tone), na kufanya flotasheni (kuelesha madini kwa povu) ya kilo moja ya mawe kwenye seli ndogo hadi mkono uzoee povu. Mashine moja kwa watu themanini inaleta foleni, ila kazi inafanyika. Nenda kwa asistanti saa ambazo wengine hawaji, na umpendekezee kumsaidia kusafisha na kupima. Hadubini ya elektroni, mashine ya miale ya X ya kutambua madini, programu za kuigiza kiwanda, hivyo ndivyo vya masta, na ndivyo vya kuvifuata nje. Upande mwingine, unacho kitu ambacho mwanafunzi wa Freiberg anakiona kwenye slaidi: kiwanda kinacholowesha mawe kwa asidi, kinachotenga shaba kwa kemikali na kuibandika kwa umeme kwenye mabamba, mwendo wa saa chache kutoka kwenu. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka nchi hii. Staji (mazoezi ya kazi) ya miezi miwili Likasi au Kolwezi, na TFC (kazi ya kuandika ya mwisho wa lisansi) iliyojengwa juu ya namba za kiwanda halisi, ina uzito kwenye barua ya maombi kuliko mwaka mzima wa Kiingereza Chypre.

Karatasi ndizo zinazowaangusha hata wenye akili. Kwetu mtu ana jina, postnomu (jina linalofuata) na prenomu (jina la kwanza). Mifumo ya nje ina nafasi mbili tu. Diploma ya serikali ina herufi moja zaidi, releve imeacha postnomu, pasipoti imegeuza mpangilio, na ofisa wa viza anaona watu watatu. Weka pasipoti, diploma ya serikali, releve na cheti cha kuzaliwa upande kwa upande, soma herufi kwa herufi. Tofauti irekebishwe sasa, pale fakulteti na penye mahakama ikibidi, kwa kuwa kurekebisha baada ya kutuma maombi huonekana kama ujanja. Kwenye fomu zote andika kama pasipoti ilivyo, hata kama pasipoti imekosea mpangilio unaoupenda.

Barua za maprofesa: mifumo mingi humtumia profesa kiungo kwa barua pepe, wewe huioni. Kiungo kinaweza kuangukia kwenye takataka ya barua, siku 14 zikapita, ombi likafa. Mwombe wiki sita kabla, mpe ukurasa mmoja wenye kozi ulizosoma kwake na pointi ulizopata, kisha siku kiungo kinapotumwa mpigie simu. Mpigie, usimwandikie.

Kiingereza uanze mwezi huu, lakini mtihani usiufanye mapema: matokeo ya TOEFL na IELTS yana nguvu miaka 2, nao unazidi dola 200. Ufanye miezi michache kabla ya maombi ya kwanza, yaani ukiwa L3. Na diploma ya UNILU ikichelewa, kama inavyochelewa, omba mapema hati ya kufaulu kutoka fakulteti. Uliza kila chuo kama kinaipokea kwa muda. Ukirudi na diploma ya nje utaidai ekivalansi (kutambuliwa kuwa sawa na ya kwetu) kwa wizara ya ESU, ya elimu ya juu, Kinshasa, kwa hiyo kabla ya kuchagua chuo chochote waulize waliorudi na diploma ya chuo hicho kama waliipata.

Baba. Usimpelekee neno hapana. Mzee aliye tayari kuuza lupango kwa ajili ya mtoto hastahili kujibiwa hivyo. Mpelekee karatasi mbili. Ya kwanza ni zile hesabu za juu, na mwaka wa pili umeandikwa kwa wino mwekundu. Ya pili ni kalenda: mwaka huu Kiingereza na kurekebisha majina, mwaka ujao L3, staji, TFC, Oktoba hadi Aprili ya mwaka huo, maombi matatu au manne ya masta yenye ufadhili, na yote yakikataliwa, M1 (mwaka wa kwanza wa masta) hapo hapo Lubumbashi na kuomba tena. Mwambie pia ahadi ya mjomba inaweza kuanza leo: 150 kwa miezi minane inalipa darasa la lugha, mtihani na tafsiri za karatasi, na Kasungami inabaki kuwa ya watoto wanne. Mama awepo mkizungumza. Akiwa jikoni maneno haya yatamfikia yamepinda.

Mwisho wa mwezi uliopewa ni wa ajansi. Tafuta anwani ya ofisi ya usajili kwenye tovuti ya chuo chenyewe, si kwenye barua uliyopewa, uwaandikie: namba ya barua hii mnaitambua? Programu ni ipi na ninaingia mwaka wa ngapi? Kredi zangu ngapi zimetambuliwa? Minervali kwa mwanafunzi wa kigeni ni kiasi gani kila mwaka hadi mwisho, na punguzo linaondoka pointi zikishuka chini ya ngapi? Viza ikikataliwa mnarudisha nini? Majibu yote yakiwa mazuri, lile pengo la 5,000 bado lipo, na lijadiliwe kama lilivyo. Hadi hapo dola 800 zikae nyumbani.

Na huyo mdogo wako wa Exetat: jina lake likaguliwe shuleni sasa, kwenye orodha ya waandikishwa, kabla diploma haijachapwa.